Juu ya Neno "Kuchomoza" na Jamaa Zake katika Usemi wa Tanga na Mrima

Wenye kutengeneza kamusi za Kiswahili wamefanya kazi kubwa, nasi tunaofundisha twawiwa nao shukrani. Kamusi ya Dr. Krapf ilitoka mwaka 1882, ya Bwana Madan mwaka 1903. Na mwaka 1939 ilitoka ile ya Kiswahili kwa Kiingereza inayojulikana kwa jina la Bwana Frederick Johnson, na mwaka huo huo ikaanza kupigwa chapa Paris ile kubwa ya Padre Sacleux, aliyekaa siku nyingi Bagamoyo na Unguja. Tangu mwaka 1981 tunayo pia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa Dar es Salaam. Walakini yako maneno ambayo kamusi huyafasiri moja kwa jingine, kama watu wawili waelekezanao njia hali wote ni wageni. Atafutaye *chomoza* hupelekwa kwenye *toka* na *tokeza*. Na atafutaye *tokeza* hurudishwa kwenye *chomoza*. Mwanafunzi hutoka hapo akidhani ya kuwa maneno haya ni mamoja, na ya kuwa uzuri wa lugha ni kuyabadilisha ili msikilizaji asichoke.

Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa si mamoja, na ya kuwa tofauti yake si mchezo wa wanazuoni. Katika nchi ya Tanga, tangu pwani hata milima ya Usambara, watoto wamepata kuhukumiwa kwa sababu ya kitu kilichochomoza. Na hata katika siku zetu wako watoto wanaoumizwa kwa sababu ya kitu ambacho hakijachomoza bado, nacho kimedhaniwa kuwa ni kingine. Basi mwalimu na padre, ambao kazi yao ni kusema na watu kila siku, yawapasa kulijua neno hili vema.

*1. Umbo la neno na ukoo wake*

Neno *chomoza* lina ndugu wengi. Yuko *choma*, kutia ncha mwilini au katika kitu. Yuko *chomeka*, kutia kitu mahali kikakaa: mtu huchomeka kisu alani, na kijana huchomekea shati lake. Yuko *chomoa*, kukitoa kilichochomekwa. Na *chomoka*, kutoka kwa ghafula mahali kilipokuwa kimeshikwa, kama kisu kilichochomoka alani, au sungura aliyechomoka kichakani. Katika ukoo huu wote mna mambo mawili: ncha, na kitu kinachoizunguka ncha hiyo, kama ngozi, ala, ubao au udongo. Asiyeyaona mambo haya mawili hataijua *chomoza*.

Mwisho wake *-za* wataka kuangaliwa. Tumezoea kuona ya kuwa mwisho huu hutendesha: *lala* huwa *laza*, *jaa* huwa *jaza*. Lakini jino likichomoza, halikuchomozwa na mtu, lachomoza lenyewe. Hali kadhalika *nyamaza* ina umbo la kutendesha, wala anyamazaye hatendeshi mwingine. Huenda mtu akapinga akisema, "Mbona husemwa, Alichomoza kichwa dirishani?" Kweli, husemwa, lakini kichwa hicho ni chake mwenyewe. Kinachotoka ni kiungo cha yule yule atoaye. Hatusemi, "Alichomoza kiti dirishani"; hapo twasema *alikitoa*. Basi nguvu ya kuchomoza yatoka ndani ya kitu chenyewe, na umbo la neno latuonyesha hivyo.

*2. Chomoza na tokeza*

Tukiangalia mambo ambayo watu wa Pwani huyasema kwa *chomoza*, twaona haya: jua, mwezi, jino la mtoto, pembe ya ndama, mche uliopasua udongo, mfupa uliovunjika ukapenya ngozi, msumari uliopigwa upande mmoja wa ubao ukaonekana upande wa pili. Vyote hivi vilikuwa vimefichwa, vikapenya, na kinachoonekana kwanza ni ncha yake tu. Jua likisha kupanda, halichomozi tena. Jino lililokwisha kukua halichomozi, limeota, lipo. Kwa hiyo *chomoza* ni neno la mwanzo wa jambo, na lina saa yake.

*Tokeza* haina saa. Rasi Kazone, hapo Tanga mjini, yatokeza baharini. Ilitokeza jana, na kesho itatokeza. Boriti za nyumba ya udongo hutokeza nje ya ukuta, kwa kuwa fundi hakuzikata sawasawa. Mtu mwenye komo, uso wake hutokeza juu ya macho. Mwingine kisogo chake hutokeza, na mwingine meno. Hapa hatuulizi lini, wala hatuulizi kitu kimetoka ndani ya nini. Twauliza jambo jingine: kimepita mstari gani? Boriti yatokeza kwa kuwa uko ukuta. Rasi yatokeza kwa kuwa uko ufuo. Meno yatokeza kwa kuwa iko midomo ya kuyafunika. Palipo na kutokeza pana mstari, na mstari huo mara nyingi umewekwa na macho ya watu.

Jambo hili huonekana wazi maji yakipwa. Wakati wa bamvua, maji yakiisha kupwa sana, miamba ambayo kwa kawaida haionekani hutokeza, na wanawake huenda kutafuta pweza. Mwamba haukusogea; kilichoshuka ni maji. Mvuvi ajua vema ya kuwa mwamba ule ulikuwapo, ndiyo maana hupita mbali nao hata maji yakijaa.

Sikatai ya kuwa watu huyachanganya maneno haya. Asemaye "meno yake yamechomoza nje" kwa maana ya meno marefu, ataeleweka, wala hana haja ya kukaripiwa. Lakini kueleweka ni jambo moja, na kusema sawasawa ni jingine. Mwenye kufundisha amwambie mwanafunzi hivi: ukitaka kusema ya kuwa kitu kimeanza kuonekana baada ya kufichwa, sema *chomoza*, ukitaka kusema ya kuwa kitu kimepita mstari wa wenziwe, sema *tokeza*.

*3. Benua, binua na tuna*

Maneno matatu zaidi yahitaji kutajwa kwa ufupi. *Kubenua* ni kutokeza sehemu ya mwili kwa kuipinda au kuisukuma mbele, na mara nyingi kwa kusudi: askari hubenua kifua; mchezaji ngoma hubenua kiuno. *Kubinua* husemwa hasa juu ya midomo, na maana yake ni dharau. Mtoto abinuaye midomo mbele ya mamaye ametukana bila kutamka neno. *Kutuna* ni kuvimba na kujaa pasipo kupasuka, kama shavu lenye tonge, au ufizi wenye jino ndani. Neno hili la mwisho tutalirudia, kwa kuwa kati ya *kutuna* na *kuchomoza* pana hatari iliyofichika.

Katika maneno haya twaona jinsi Waswahili wanavyohukumu. Mwanya wa meno ya mbele, yaani nafasi tupu, ni uzuri unaosifiwa. Bali meno yaliyotokeza huchekwa. Kilichopungua husifiwa, kilichozidi huchekwa. Na kilichosukumwa nje kwa makusudi, kama midomo iliyobinuliwa, huadhibiwa. Mwalimu asiyejua daraja hizi hataelewa kwa nini watoto darasani humcheka mwenzao, wala kwa nini mmoja akapigana.

*4. Jua la haki: chomoza au zuka?*

Sasa natazama mahali pamoja katika Maandiko, kwa kuwa padre hupasoma mbele ya watu. Katika kitabu cha Malaki, mlango wa 4, nabii asema juu ya jua la haki; na Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, na ambayo makanisa mengi ya nchi hizi huisoma, imetumia hapo neno *zuka*. Je, wafasiri walichagua vema?

Kwa upande mmoja, *zuka* ni neno lenye nguvu. Lina ghafula ndani yake na fahari. Kinachozuka hakikutazamiwa, na watu husimama. Nabii ataka watu wasimame. Kwa upande wa pili, neno hili lina jamaa wabaya. Kutoka humo twapata *mzuka*, kitu kinachotokea usiku kikawatisha watu. Na ndugu yake *zua* ametupa *uzushi*, neno ambalo Kanisa hulitumia kwa mafundisho ya uongo, na *mzushi*, mwenye kuyaeneza. Mtu aliyelelewa Pangani au Tongoni hawezi kuzuia masikio yake yasisikie jamaa hawa.

*Chomoza* haina ubaya huo. Jua lichomozalo ni jua linalongojewa. Jogoo amewika, mwadhini ameadhini, mvuvi amekwisha kuweka tanga lake tayari. Watu wote wajua ya kuwa litatoka, na upande litakakotoka. Huku Tanga latoka baharini, kutoka upande wa Pemba, na ncha yake ya kwanza huonekana juu ya maji. Nabii asema na watu wamchao Mungu, yaani watu wangojao. Na kwa wangojao neno lao ni *chomoza*.

Hata hivyo sishauri mtu ageuze maneno ya kitabu akisoma. Kitabu kimekwisha kuingia katika vinywa vya watu, na *zuka* lao limetakaswa kwa kusomwa. Nashauri ya kuwa padre, akisha kusoma, katika kuhubiri kwake atumie *chomoza*. Aseme ya kuwa jua hili halizuki kama mzuka, bali lachomoza kama jua la kila siku, ambalo hakuna aliyelitengeneza wala awezaye kulizuia. Hivyo maneno mawili yatasaidiana, na mzee aliyekaa nyuma atayashika yote mawili.

*5. Jino: habari ya kigego*

Meno ya utoto ni 20. Kwa kawaida ya kwanza kuchomoza ni mawili ya mbele ya chini, mtoto akiwa na miezi sita hivi au zaidi. Kisha hufuata ya juu. Wako watoto ambao ya juu hutangulia, nao ni wazima kama wenzao. Na wachache mno huzaliwa na jino kinywani. Waganga wa hospitali huliona jambo hili kuwa tofauti tu ya maumbile.

Wazee wa nchi hii hawakuliona hivyo. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu waliitwa wazazi wake na kuambiwa ya kuwa ni *kigego*. Neno hili lajulikana kwa Wazigua, Wabondei, Washambaa na Waswahili wa Pwani. Kigego alidhaniwa kuwa ni mkosi: akiachwa akue, jamaa zake watakufa mmoja mmoja. Kwa hiyo zamani aliuawa. Na hapa neno letu lina uzito wake wote, kwa maana mtoto huyu hakuwa na kitu kilichozidi. Meno yake hayakutokeza. Yalikuwa meno kama ya wengine, na yangekuwa sawa na ya wengine baada ya mwaka. Kosa lake lilikuwa katika kuchomoza tu, yaani katika saa na zamu. Alihukumiwa kwa jambo ambalo kwa asili yake hupita.

Kitabu kituelezacho habari hii kwa ubora kuliko vyote kilipigwa chapa na misheni katika nchi hii hii. Ni *Habari za Wakilindi*, cha Abdallah bin Hemedi, kilichotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1895 na misheni ya U.M.C.A. ya Magila, mahali panapoitwa pia Msalabani, ambapo misheni hiyo ilianza mwaka 1868. Mwaka 1962 kilipigwa chapa tena Nairobi, na mwaka 1963 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Bwana J. W. T. Allen. Hiki ni kitabu cha Mwislamu kilichotolewa na mtambo wa Wakristo, chenye habari za ufalme usiokuwa wa hawa wala wa wale. Na mwalimu yeyote wa nchi hii asiyekisoma amejinyima.

Kinaanza na Mbega, mtu wa Nguu. Mbega alikuwa kigego. Wazazi wake hawakumwua. Akakua, akawa mwindaji hodari wa nguruwe. Lakini ilipofika saa ya kugawa urithi, jamaa zake walimnyima sehemu yake, na sababu waliyoitoa ni meno yale ya utotoni. Akaondoka Nguu akaenda Kilindi. Huko akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa mji, na yule kijana akafa katika kuwinda. Mbega akakimbia tena na wenziwe, akapanda milima ya Usambara. Washambaa wakampenda kwa sababu ya nyama aliyowagawia na kwa jinsi alivyoamua mashauri yao; akaua simba, akaitwa Simba Mwene; akawekwa kuwa mfalme, na Vuga ukawa mji wa enzi. Ufalme huo ulianza katika karne ya 18, na Dr. Krapf alipozuru Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alimkuta Kimweri, mmoja wa kizazi cha Mbega, akitawala nchi pana hata pwani.

Nimesikia wahubiri wakiitumia habari hii kama mfano mwepesi: watu walimkataa, Mungu akamwinua. Mfano huo si mbaya, lakini kitabu chenyewe ni kigumu kuliko hivyo, na ugumu wake ndio thamani yake. Angalia: kijana wa Kilindi alikufa kweli. Mwenye kuamini habari ya kigego aweza kukisoma kitabu hiki na kusema, "Mwaona? Mkosi ulimfuata." Na asiyeamini aweza kujibu, "Nguruwe aliyejeruhiwa huua mtu, awe na kigego au asiwe naye." Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, ameonyesha ya kuwa habari ya Mbega yataka kusomwa kama usemi wa Washambaa juu ya enzi, wala si kama orodha ya matukio tu. Nami naona ya kuwa usemi huo waweza kusemwa kwa neno letu: nguvu iliyochomoza mapema na vibaya nyumbani ilikuwa tishio, nguvu ile ile ilipofika mahali penye kuihitaji, ikawa ulinzi. Jamaa wa Nguu waliona jino, na Washambaa wakaona mwindaji.

Desturi ya kuua vigego ni ya zamani. Lakini neno lenyewe halijafa, nalo laweza kumfuata mtoto kwa mzaha wa jirani au kwa hofu ya bibi. Mama anayemleta mtoto kubatizwa, huku akifunika kinywa chake kwa kitambaa, huenda ana sababu. Padre asimwulize mbele ya watu. Amwite kando, yeye na nyanya wa mtoto, kwa kuwa mara nyingi hofu hukaa kwa nyanya. Awaulize kwa heshima meno yamechomoza lini na yapi yametangulia. Kisha awaambie ya kuwa meno ya chini yaja, na baada ya siku si nyingi hakuna atakayejua yapi yalianza. Neno *chomoza* laweza kufanya kazi hapa kuliko hotuba ndefu, maana lenyewe lasema ya kuwa jambo ni la kupita.

*6. Kisichochomoza: "meno ya plastiki"*

Kama habari ya kigego ni ya zamani, hii ni ya siku zetu. Tangu miaka ya 1980 waganga wa meno katika Tanzania wameandika juu ya watoto wachanga waliochimbuliwa meno kabla hayajatoka. Mtoto ana homa, anaharisha, anakataa ziwa. Wazazi wafungua kinywa, waona ufizi umetuna pande mbili, mahali pa meno ya chonge; nao huambiwa ya kuwa hayo ni "meno ya plastiki", au "ya nailoni", na ya kuwa yasipotolewa mtoto atakufa. Basi hukatwa ufizi kwa kisu au chuma kisicho safi, na kitu cheupe na laini hutolewa na kuonyeshwa wazazi. Kitu hicho ni jino lake la kweli, ambalo halijakomaa. Mtoto huendelea kuharisha, na sasa ana jeraha. Wengine wametokwa damu nyingi, wengine wameingiwa na sumu katika damu, wengine wamekufa. Na wanaopona huenda wakakosa chonge au wakapata meno mabovu ukubwani.

Angalia kosa la akili lililomo. Ufizi *umetuna*, jino *halijachomoza*. Kwa kawaida chonge za utotoni huchomoza mtoto amekwisha kupita mwaka mmoja, nazo kabla ya hapo hukaa chini ya ufizi na kuuvimbisha, wala si ugonjwa. Lakini aliyezoea kuona ya kuwa kila kilichotuna ni kitu kigeni, huona hapo adui anayetaka kutoka, akataka kumwahi. Hofu ya kigego ilikuwa juu ya jino lililochomoza kabla ya zamu yake; hofu hii ni juu ya jino ambalo zamu yake haijafika. Nazo zote mbili hutafuta sababu ya msiba katika kinywa cha mtoto, kwa kuwa ndipo mahali ambapo macho ya mzazi hufika upesi.

Mwalimu wa shule na mwinjilisti wa kijiji waweza kufanya neno hapa pasipo kuwa waganga. Waseme wazi: homa na kuharisha kuna sababu yake nyingine, mtoto apewe maji yenye dawa ya chumvi na sukari, apelekwe zahanati, wala kinywa chake kisiguswe. Na waseme kwa maneno ambayo bibi hutumia: "Limetuna tu, mama, halijachomoza. Liache lije lenyewe."

*7. Kujitokeza*

Limebaki neno moja ambalo siku hizi husikika kila mahali. Tukiongeza *-ji-* kwenye *tokeza*, hapo ndipo kutendesha kunapoonekana wazi: *kujitokeza* ni mtu kujitia mwenyewe nje ya mstari. Kwa adabu ya Pwani jambo hili halikuwa sifa. Mtoto aliyelelewa vema hungoja aitwe. Kijana hakai mbele ya wazee. Mgeni huketi anapoonyeshwa. Avukaye adabu hizi huambiwa ana *kimbelembele*, na neno hili, lililotungwa kwa kurudufu *mbele*, ni kemeo kali. Mafundisho ya Bwana wetu juu ya wageni waliochagua viti vya mbele karamuni hayakuhitaji kufafanuliwa sana Tanga wala Pangani. Watu waliyajua kwa nyumba zao.

Lakini leo serikali na makanisa huwaita watu *wajitokeze*: wajitokeze kupiga kura, wajitokeze kuchanjwa, wajitokeze kuimba. Kemeo limekuwa wito. Wako watakaosema ya kuwa hii ni kuharibika kwa lugha. Mimi sioni hivyo. Nchi inayotaka kila mtu awe na sauti ilihitaji neno la kumtoa mtu katika mstari bila kumwita mtovu wa adabu, nayo ikalichukua hili. Ni kazi njema kwa neno, kama wito ule ulivyokuwa kwa Mbega.

Ila mwenye kuita na akumbuke masikio ya anaowaita. Padre asemaye kanisani, "Wanaotaka kutubu wajitokeze," na asione mtu, asiseme mara hiyo, "Mbona hamjitokezi?" Kwa kijana wa mjini ni swali tu, kwa mama mtu mzima wa shamba ni kumtaka avunje adabu mbele ya shemeji na wakwe zake, kisha kumlaumu kwa kuwa hakuivunja. Afadhali aseme, "Njoni," au, "Mwenye haja na aje kwangu baada ya sala." Darasani vilevile: msichana asiyenyoosha mkono si lazima awe hajui. Mwalimu amwite kwa jina lake. Akiitwa atasimama, naye hatakuwa amejitokeza, atakuwa ameitika.

*8. Maneno ya mwisho*

Basi kwa kazi ya kila siku nawashauri wenzangu waulize mambo matatu kila waonapo kitu kilichotoka mahali pake. Kwanza: kimetoka ndani ya kitu, au kimepita mstari tu? Kikitoka ndani, ni *chomoza*. Kikipita mstari, ni *tokeza*. Na kikiwa bado ndani, kimejaa tu, ni *tuna*. Pili: kimetoka kwa nguvu zake, au kimesukumwa? Kikisukumwa kwa makusudi, tazama kama ni *benua*, *binua* au *jitokeza*, na ujue ya kuwa hapo pana hukumu ya watu. Tatu: ni nani aliyeuweka mstari ambao kimeupita? Swali hili la tatu halimo katika kamusi, wala haliwezi kuwamo. Lakini ndilo ambalo mtoto wa Nguu angependa jamaa zake waliulize siku ile ya kugawa urithi.

Nami ningefurahi kama walimu wa Muheza, Korogwe, Pangani na Lushoto wangeuliza wazee wa kwao, hasa wakunga na nyanya, ni maneno gani husemwa jino la kwanza la mtoto likionekana, na nani hupewa habari kwanza. Wazee hao hupungua kila mwaka, nao wakiisha ondoka, tutabaki na kamusi peke yake.